Bei ya Ubaridi katika Chumba cha Mwali

Wifi yangu Siwema alikuwa mrefu kuliko mdogo wake Maneno, ambaye ni mume wangu, na sauti yake ilikuwa inafika mahali kabla ya miguu yake. Aliolewa Mlandizi akiwa msichana, akafiwa na mume, akarudi kwetu Msimbu bila mtoto. Watu walitegemea ataolewa tena au atakaa nyumbani kwa ndugu yake apikiwe. Hakufanya hata moja. Alijenga kibanda ng'ambo ya bonde, kwenye minazi aliyoachiwa na baba yao, akawa anashona makuti ya kuezekea. Utamkuta ameketi chini, miguu ameinyoosha, ufito mapajani, anakunja jani juu ya ufito, anapitisha kamba, anakunja jingine, na huku anagombana na mtu aliye njiani. Makuti yake yalifika hadi karibu na boma la Kisarawe na kule Pugu, maana hakubania majani.

Nataka kuandika habari zake za mwaka ule mume wangu alipoezeka bati.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla. Mbata, zile nazi zilizokaushwa, zilikuwa na bei nzuri, na Maneno alikuwa ameuza magunia mengi. Binti yetu Sikuzani alikuwa amekwisha kuposwa na watu wa Mlandizi, na ilijulikana kwamba mwaka huo atawekwa ndani kama desturi yetu inavyotaka, atakaa mwali mpaka baada ya mavuno, kisha atatolewa kwa ngoma na kuolewa. Maneno alisema, "Wakwe wakija kumtoa mwali wetu, wakute bati." Akaenda mjini, akanunua mabati ishirini na nne. Yalikuja kwa lori hadi Kisarawe, kutoka pale yakabebwa kichwani, mawili mawili, watu wakifuatana kama siafu. Msimbu yote ilisimama kutazama. Fundi wa bati alitoka mjini naye. Aliezua makuti yetu, akapigilia bati, kisha akaziba kwa udongo ule uwazi ulio kati ya ukuta na paa, akasema upepo ukiingia pale utalinyanyua.

Hayo yote yalifanyika wakati wa kipupwe, kukiwa na baridi. Baada ya wiki chache Sikuzani akawekwa ndani, katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Sote tulifurahi. Hakuna aliyefikiria kaskazi na joto lake.

Nyumba ya makuti inapumua. Upepo unaingia pale juu ya ukuta, joto linapanda na kupotelea katika majani, na hata jua la utosini mtu aliye ndani hulisikia kwa mbali tu. Mwali wa siku zote alikaa miezi katika chumba kama hicho, akatoka mnene, ngozi inang'aa. Lakini mwali chini ya bati, na uwazi umezibwa, na mlango hauachwi wazi mchana, hilo halijapata kuonekana kwetu. Sisi tulikuwa wa kwanza kulifanya.

Mimi nililijua kwa sahani. Mambo ya mwali hayamhusu mama. Ni ya shangazi na kungwi. Kazi ya mama ni kupika na kupeleka. Basi nilipeleka wali wa nazi mchana, jioni nikachukua sahani, nikakuta wali umekauka pembeni na katikati umechimbwa kidogo kama alivyochimba kuku. Nilipomshika mkono niliona vipele vya joto kuanzia shingoni mpaka kwenye viwiko. Tulimweka ndani ili anenepe, na mkufu aliovaa siku aliyoingia ulikuwa sasa unamning'inia.

"Mama," alininong'oneza, maana mwali hapazi sauti, "bati linalia."

"Linalia vipi?"

"Ta! Ta! Ta! Likianza kulia tu, najua nitatapika."

Nilimwendea kungwi wake, Bi Mwanamkuu, mama mtu mzima aliyewatoa ndani wasichana wengi pale kijijini. Nilimwamkia, nikamweleza.

"Kila mwali hulalamika," alisema. "Mimi nilikaa ndani mvua mbili."

"Ulikaa chini ya makuti, Bi Mwanamkuu."

Alinitazama kama niliyemtukana. Kisha akasema nimwagie maji sakafuni, na nimpe kanga mbichi ajifunike. Nilifanya hivyo. Maji yalikauka, na chumba kikawa kama chungu kilichofunikwa kinachochemka.

Nilisema tumhamishie kwa shangazi yake, kule ng'ambo. Bi Mwanamkuu akatikisa kichwa kabla sijamaliza. Mwali akivuka kizingiti cha baba yake ametoka, hata akifunikwa gubigubi. Akitoka bila ngoma, wakwe wa Mlandizi wataambiwa kuna jambo, na watu hawataacha kuuliza ni jambo gani. Nilijua ni kweli. Nilikuwa nimekwisha kusikia binti wa watu akisemwa hivyo kwa jambo dogo kuliko hilo, na mpaka leo hajaolewa. Basi akitoka anaharibika jina, akibaki anaharibika mwili, na kaskazi ndiyo kwanza imeanza.

Nilimngoja mume wangu amalize kula.

"Baba Sikuzani, mtoto anaungua mle ndani. Tumrudishie makuti hata kile chumba kimoja."

"Niezue bati?" Alicheka, lakini si kwa furaha. "Bati nililobebesha watu kutoka Kisarawe? Watasema Maneno kashindwa nalo."

"Na mtoto akishindwa watasema nini?"

Si mtu mbaya, mume wangu. Alinyanyuka akaenda kumwita Mwinyimadi, fundi wetu wa kuezeka makuti. Mwinyimadi alikuja, akazunguka nyumba, akapima kwa macho, akataja bei. Kuezua na kuezeka vyumba viwili vya nyuma, shilingi thelathini ya ufundi. Makuti mbali, fito mbali, kamba mbali, chakula cha watu wake juu yetu. Na bati lililokwisha kutobolewa misumari, alisema, duka halilirudishi, labda umuuzie mwenye banda la kuku.

Maneno alivuta pumzi. "Na utaanza lini?"

"Mimi?" Mwinyimadi alirudi nyuma hatua moja. "Hiyo ni bei ya nyumba ya watu, bwana Maneno. Nyumba yenye mwali haina bei. Nikifungua paa nitamwona mtoto wa watu chini yangu. Nikimwona, wakwe zako watakuja na fimbo. Mpaka atolewe, mimi sipandi, na hutampata mwanamume Msimbu nzima wa kupanda."

Akaenda zake. Maneno akanitazama. "Umesikia mwenyewe," akasema, na niliona kwamba moyo wake umetulia. Wangu haukutulia.

Siku moja mchana baada ya hapo niliingia na maji, nikakuta kitanda kitupu. Sikuzani alikuwa ameanguka chini, shavu lake ameliweka kwenye udongo pale nilipokuwa namwagia, macho nusu wazi. Nilimwita, hakujibu. Nilimmwagia maji yote kichwani, akashtuka, akaniuliza mimi ni nani. Nilimwita Bi Mwanamkuu akae naye, halafu nikatoka mbio kwa miguu mitupu, mpaka ng'ambo ya bonde.

Siwema alikuwa anashona. Nyuma yake palikuwa na makuti yamepangwa kufika kifuani. Alikuwa ameyashona mwenyewe kuezekea kibanda chake kabla ya masika, kwa kuwa kilikuwa kinavuja.

"Wifi, unakimbizwa na nani? Mdogo wangu kakupiga au kakuongezea mwenzio?"

"Sikuzani ameanguka."

Hakuuliza tena. Alijifunga kanga, akatangulia mbele, na mimi nikawa namfuata kwa shida.

Aliingia kwa mwali, akafunga mlango, akalala naye kitandani. Mimi nilibaki nje ninasikiliza bati linavyolia. Alipotoka gauni lilikuwa limemganda mwilini, na jasho linamdondoka kidevuni. Maneno alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka shamba.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Ingia stoo."

"Stoo kuna nini?"

"Kuna mbata zako. Ingia uzitazame."

Stoo ilikuwa chumba cha nyuma kinachopakana na cha Sikuzani, nacho hakina dirisha. Maneno aliingia. Siwema akavuta mlango, akauwekea komeo la mti, akasukuma mbuzi ya kukunia nazi mpaka mlangoni, akaikalia.

"Wifi, nipe nazi," akaniambia.

Nilimpa. Alipasua, akaanza kukuna taratibu, kama mtu anayepikia mgonjwa.

"Dada, fungua."

"Ngoja nikune nazi."

Kisha mlango ukagongwa. "Dada, humu kuna joto, na mbata zinanuka."

"Kumbe! Na mwanao analala katika joto hilo hilo. Kifuu cha kwanza bado."

"Dada Siwema! Mimi ni mtu mzima!"

"Ndiyo maana umekaa kidogo. Mtoto anakaa tangu kipupwe."

Bi Mwanamkuu alikuwa amesimama kwenye kona, ameziba mdomo kwa kanga. Siwema alikuna kifuu cha kwanza, akachukua cha pili, akakitazama ndani na nje. Maneno aliacha kugonga. Mimi nikaanza kuogopa, nikasema, "Wifi, usije ukamuua."

"Hafi. Anafikiri."

Alipofungua, Maneno alitoka amevua fulana, uso umelowa jasho, akaenda moja kwa moja kwenye mtungi, akanywa kata mbili bila kupumua. Kisha akaketi barazani. Hakumtazama mtu.

"Haya," akasema. "Liezuliwe. Lakini nani atapanda? Mwinyimadi kakataa."

"Sisi," alisema Siwema.

"Sisi nani?"

"Wanawake. Mwali wanamwona wanawake, basi paa la mwali watalipanda wanawake."

Maneno alicheka mpaka akakohoa. Mwanamke kushona makuti ni kawaida, lakini kupanda paa, hilo kwetu halikuwako. Siwema alingoja amalize kukohoa.

"Makuti ni yangu, yale niliyotaka kuezekea kwangu. Fito na kamba utakata wewe. Chakula cha watu wewe. Na mabati yatakayoshuka ni yangu."

"Yako?" Maneno alisimama. "Mabati kumi! Kwa makuti?"

"Kwa makuti yaliyoshonwa, na ufundi, na roho ya mwanao. Au kamwulize Mwinyimadi roho anauza bei gani."

"Umepata wapi biashara hii, dada? Mhindi wa mjini hakuwezi."

"Huko kwa Mhindi ulilipia joto. Mimi nakuuzia baridi, na baridi ina bei."

Walibishana mpaka jua likapungua. Maneno alitaka kutoa mabati sita. Siwema akasema sawa, basi atarudi nyumbani na makuti yake. Maneno akasema nane. Siwema akachukua kanga yake kama anayeondoka. Mwisho wakakubaliana kumi, na vyumba vya mbele vibaki na bati ili wakwe walione. "Mbele kaa na fahari yako," alisema Siwema, "nyuma mwachie mwanangu."

Walichagua Ijumaa, siku ambayo wanaume wengi huenda msikitini Kisarawe na kukaa huko hadi alasiri. Walipoondoka tu, wanawake wakaanza kuja, na kila mmoja alikuwa na jambo la kusema. Mmoja aliuliza nani atampokea akianguka. Mwingine akasema amekuja kula tu. Siwema alipitisha kanga katikati ya miguu yake, akaikaza nyuma, akaegemeza ngazi, akapanda. Alipoona wengine hawapandi, aligeuka akasema, "Mnaogopa nini? Mnapanda mikorosho kila siku kuiba korosho za waume zenu!" Wakacheka, wakafunga kanga kama yeye, wakapanda.

Mimi na Bi Mwanamkuu tulikaa ndani na Sikuzani. Tulimlaza kwenye kona, tukasimamisha jamvi juu yake kama hema, mbingu isimwone. Misumari iling'olewa ikilia kama paka. Bati la kwanza liliponyanyuliwa, mwanga uliingia kwa nguvu hata nikafumba macho, na kufuatia mwanga ukaja upepo. Chini ya jamvi nilisikia mwanangu anavuta pumzi ndefu.

Siwema alijua kushona kuti, lakini hakuwahi kuezeka. Walifunga safu za kwanza, na nikiwa ndani niliziona zimeachana sana, mwanga unapenya katikati. Mvua moja tu ya masika na mwali angelala majini. Nikatoka nje kumwambia, na hapo nikamwona Mwinyimadi kwenye uchochoro. Hakwenda msikiti wa Kisarawe, alisali kijijini, na sasa alikuwa amesimama ameipa nyumba mgongo, mikono nyuma, anatazama mihogo ya jirani.

"Mmeanza juu au chini?" aliuliza kwa sauti, akiiuliza mihogo.

Siwema alishika nyundo. "Mwinyimadi! Ukigeuka nakutupia hii!"

"Sijageuka. Nauliza, chini au juu?"

"Chini!"

"Kuti na kuti mmeachanisha kiasi gani?"

Siwema akapima. "Shubiri."

"Mnafuga popo? Ezueni! Vidole vinne, basi. Na kamba ifungwe kwa kila ufito, si kwa kubahatisha."

Kukazuka kelele juu. Kuna waliotaka kumfukuza, kuna waliosema kweli anasema. Siwema alifikiri kidogo, akaanza kufungua zile safu mwenyewe. "Kidole cha nani, cha mwanamume au cha mwanamke?" akauliza.

"Chako, Siwema. Kinatosha kwa vya wanaume wawili."

Hapo hata Bi Mwanamkuu kule ndani alisikika akicheka. Basi kazi ikaenda hivyo. Mwinyimadi alisimama mahali pale, jua linamchoma kisogo, akiuliza na kuelekeza, wala hakugeuka hata mara moja, hata alipoletewa chakula alikula akitazama mihogo. Wanaume waliporudi kutoka Kisarawe, walimkuta pale, nao wakasimama sambamba naye, migongo yote kwa nyumba. Maneno alikuwa katikati yao. Nilisikia mmoja akimwuliza, "Linakwendaje?" naye akajibu, "Nasikia linakwenda vizuri," na jinsi alivyosema nilijua ana furaha na anaona haya kuionyesha.

Safu ya mwisho ilifungwa, mgongo wa paa ukafunikwa, na Siwema akakaa juu kabisa, miguu huku na huku, akapiga kigelegele kilichosikika mpaka bondeni. Wanawake wakakipokea. Wanaume, bado wamegeuka, wakapiga makofi.

Tuliuvunja ule udongo ulioziba uwazi juu ya ukuta, na jioni ile ile upepo ukapita. Chumba kilikuwa na harufu ya majani. Sikuzani alilala kabla ya kula, nami nikakaa mlangoni ninamsikiliza pumzi, maana nilizoea kuogopa. Asubuhi niliichukua sahani ikiwa nyeupe, imefutwa kwa kidole. Adhuhuri akaniuliza kwa kunong'ona kama kuna ukoko.

Mabati kumi yalivuka bonde. Siwema aliyapigilia juu ya jiko lake na upande mmoja wa kibanda, wanakolala kuku wake, upande wa pili Mwinyimadi akamwezekea makuti, na mwenyewe akahamishia kitanda upande wa makuti. Maneno alimtania, "Dada, mbona hulali kwenye bati lako?" Alijibu kwamba bati ni la kuku, nao hawajalalamika. Masika ilikuja kwa nguvu. Nilisimama chumbani kwa mwali na taa, natazama juu, natafuta tone. Sikuliona.

Baada ya mavuno wakwe walikuja kutoka Mlandizi, wakapokelewa barazani chini ya bati la mbele, wakalisifu sana, na Maneno akazungumza nao kwa kidevu kilichonyanyuka. Kisha wanawake wao wakaingia nyuma kumwona mwali, kama ilivyo haki yao. Mama mkwe alimshika Sikuzani mikono, akaigeuza, akamtazama shingo, mashavu, mgongo. Ngozi ilikuwa laini, inang'aa mafuta ya nazi, na mkufu umekaa sawasawa.

"Mmemlisha nini huyu?" aliuliza.

"Upepo," alisema Siwema.

Ngoma zilianza uwanjani. Desturi ni mwali abebwe mabegani achezeshwe mbele ya watu wote, na kazi hiyo hupewa vijana wenye nguvu. Kijana alikuwa amekwisha kuinama. Siwema akamsukuma kando, akasema huyu alimpandia paa, atambeba mwenyewe. Wakasema atavunjika kiuno. Aliinama, Sikuzani akakaa mabegani kwake, mzito kweli kweli, na Siwema akainuka naye, magoti yakimtetemeka kwanza kisha yakakaza, akamzungusha uwanja mzima. Binti yangu alikuwa juu ya watu wote, ushanga kichwani, macho ameyafumba kwa sababu ya jua ambalo hakuwa ameliona tangu kipupwe kilichopita. Bi Mwanamkuu, ambaye si mtu wa kupiga vigelegele ovyo, alipiga mpaka sauti ikamkauka.